Nipe Mji

Januari 1862, ofisa mmoja wa jeshi la Uingereza aliyeitwa James Augustus Grant alibaki Karagwe na kidonda kibaya mguuni. Mwenzake wa safari, John Hanning Speke, alikuwa ameshika njia ya Buganda kutafuta chimbuko la Mto Nile. Grant hakuweza kumfuata. Hata kusimama kulimshinda. Alibaki kibandani, mgeni wa Mfalme Rumanyika, mpaka Aprili. Kwa miezi hiyo ulimwengu wake ulikuwa kitanda, mlango, na vyote vilivyoingia kupitia mlango ule.

Vilivyoingia havikuwa haba. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1864, Grant anaeleza mimea, mavazi, vyakula, desturi za ikulu na muziki wa nchi. Anaitaja enanga, ala ya ubao uliochongwa na kuachwa uvungu katikati, yenye nyuzi saba au nane. Moja kati ya zile alizozisikia, anasema, sauti zake zilipangika vizuri kabisa isipokuwa uzi mmoja tu. Aliyekuwa akiipiga alikuwa bibi kizee.

Tangu mwaka 2020 nimemfikiria sana bibi huyo. Karagwe ya Rumanyika ilikuwa na cha kumpa mtu aliyelala ndani bila nguvu za kutoka. Je, Karagwe ya leo, pamoja na wilaya ya Kyerwa iliyomegwa kutoka kwake mwaka 2012, ina nini cha kumpa mtu wa namna hiyo? Korona ilituuliza swali hilo nyumba kwa nyumba, na majibu yake sidhani kama tumeyazungumza vya kutosha.

Machi 16, 2020 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza nchini, msafiri aliyeingia kutoka Ubelgiji. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifunga shule kwa siku 30 na kuzuia mikusanyiko, michezo ikiwemo. Siku hizo 30 zilizaa nyingine. Vyuo na kidato cha sita walirudi Juni 1. Watoto wa msingi na sekondari wakangoja mpaka Juni 29. Ligi Kuu ilisimama hadi Juni 13.

Tanzania haikuwafungia watu wake majumbani, na hilo nalisema mapema ili picha isipotoke. Masoko yaliendelea, ibada ziliendelea, watu walikwenda shamba. Waliobaki nyumbani walikuwa watoto, wazee waliohofiwa kuliko wengine, na wale ambao hawakungoja amri ili wajihadhari. Ng'ambo ya Mto Kagera mambo yalikuwa mengine kabisa. Rwanda ilifunga nchi Machi 22. Uganda, mwishoni mwa mwezi huohuo, iliweka marufuku ya kutembea kuanzia saa moja jioni, na shule zake hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Mtu aliyesimama Murongo jioni za Aprili aliitazama Kikagati ikinyamaza huku pikipiki za upande wetu zikiendelea kunguruma. Hata Rais Museveni alijirekodi akifanya mazoezi ofisini kwake, bila viatu, kuwaonyesha Waganda kwamba mwili unaweza kunyooshwa bila kutoka nje. Watu wa Kyerwa walirushiana video ile kwenye simu na kuiangalia mara mbili mbili.

Kwetu aliyetikisika kwanza alikuwa mwanamume. Kwa miaka mingi burudani yake imekuwa nje ya nyumba yake. Nkwenda, Omurushaka, Kayanga, kote utakuta kibanda umiza cha kuangalia mechi za Uingereza, kijiwe cha drafti inayochezwa kwa vizibo vya soda, na kilabu cha rubisi. Machi ile mpira ulikatika karibu dunia nzima, mabenchi ya vibanda umiza yakakosa wa kuyakalia, na wengi walianza kuingia kwao kabla ya giza. Niliwaona wanaume wakizunguka uani bila kujua wakae wapi. Jikoni kulikuwa na utaratibu wake, watoto walikuwa na wao, na yeye katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake hakuwa na saa wala kiti cha kucheka na watu wake. Jambo hilo lilinihuzunisha kuliko mengi ya mwaka ule. Mtu anaweza kuilisha nyumba miaka ishirini asijue humo ndani watu wanafurahi kwa nini.

Kaka yangu aliwaleta wanawe kutoka Mwanza wakae kwa bibi yao, kijiji kisicho mbali na Nkwenda. Walishuka kwenye gari na begi la nguo, daftari, na mazoea ya katuni asubuhi hadi jioni. Kwa mama kuna sola ndogo: taa, redio na kuchaji simu. Siku za mwanzo zilikuwa ngumu. Watoto waliniomba bando kila nilipopita. "Shangazi, dakika tano tu." Dakika tano za mtandao wa kule, ulivyo wa kusuasua, ni duara linalozunguka kwenye kioo, kisha salio limekwisha.

Aliyewatoa humo alikuwa kijana wa jirani, mwanafunzi wa kidato cha pili aliyekuwa naye amerudishwa nyumbani. Alikuja na kijiti, akachagua ardhi ngumu chini ya mparachichi, akachimba vishimo: mistari minne, kila mmoja vishimo vinane. Akaingia jikoni kumwomba bibi maharage ya manjano, akayahesabu 64, akayagawa sawasawa. Waliokaa chini hawakuinuka mpaka walipoitwa kula. Mchezo huu unajulikana pande zote za mto: Waganda wanao omweso, Wanyarwanda wanao igisoro, watu wa pwani wana bao lao, na kila mmoja ataapa kwamba sheria zake ndizo zenyewe. Nilipenda kumwangalia mtoto wa miaka tisa akishika kete mkononi na kunyamaza, macho yakikimbia mbele ya vidole, akihesabu mzunguko ambao bado hajautembeza. Mwalimu wake wa hesabu angefurahi kumwona. Kete zilizoliwa mchana kwenye bao, usiku zililiwa tena na ndizi, na kesho yake bibi aliombwa nyingine.

Jioni zilikuwa za mama. Huwa hasimulii akiwa amekaa tu. Husimulia akimenya ndizi, akipeta maharage, akichochea moto, na mwaka ule, kahawa zilipoanza kuiva, akichambua buni kwenye ungo. Hapo ndipo nilipolielewa jambo ambalo nimeliona maisha yangu yote bila kulitilia maanani: burudani ya nyumba ya mkulima ni ile inayoiacha mikono huru. Televisheni inataka macho. Simu inataka macho na vidole. Hadithi inataka sikio, kitendawili kinataka sikio na akili, redio inataka sikio. Mikono inabaki na kazi yake. Ndiyo maana katika nyumba zetu hivi vitatu havijawahi kuonekana ni uvivu. Mama ambaye angekemea mtoto aliyeinamia simu saa nzima, hakukemea mtoto aliyetega vitendawili saa nzima, kwa sababu ungo wa mtoto yule wa pili ulikuwa unajaa.

Na vitendawili vina adabu yake.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nyumba yangu haina mlango."

Yai walilijua wote, hata wa Mwanza. Lakini vilipokuja vya migomba, vya ng'ombe wa pembe ndefu, vya ukungu wa asubuhi kwenye vilima vyetu, wageni walishindwa, na aliyetega akadai haki yake: "Nipe mji." Hapo walioshindwa humtajia mji, naye huukubali au huukataa, kisha akiridhika husema ameufikia, amekula nini huko na amepokewa vipi, ndipo afichue jibu. Jioni moja mjukuu wa kati alipewa Bukoba, akakataa. Akapewa Mwanza, akasema ametoka huko juzi. Mwenzake akamtupia Kampala. Akatikisa kichwa kwa uzito: "Kampala imefungwa." Akapewa Kigali. "Nayo imefungwa." Mwisho alikubali Kayanga, akatueleza jinsi alivyofika, akanawa mikono kwenye kila duka mpaka vidole vikakunjamana, akanunua sambusa. Tulicheka hadi mama akaweka kisu chini. Mtoto yule alikuwa amesikia redioni habari ambazo watu wazima walizisikia kwa hofu, naye akazifanya zimtumikie.

Baada ya hapo walianza kutunga vyao. "Mlinzi wetu hana miguu, kila mgeni humlilia." Ndoo ya maji tiririka mlangoni. "Mdomo umelala, macho yanasalimia." Mtu aliyevaa barakoa. Viwili hivi nimevisikia tena miaka mitatu baadaye kutoka kwa watoto wengine kabisa, umbali wa mlima mmoja, wala hawakujua vilitoka wapi. Fasihi simulizi haifi kirahisi kama tunavyoililia kwenye semina. Ikipewa jioni chache mfululizo na watu wasio na haraka, huzaa.

Redio nayo ilifanya kazi ambayo haijashukuriwa ipasavyo. Wilaya zetu zina bahati ya redio za jamii. FADECO ya Karagwe imekuwa ikizungumza na wakulima kwa miaka, na Radio Kwizera ya Ngara inafika nyumba nyingi za mkoa wetu wa Kagera. Mpakani mawimbi ya Uganda na Rwanda nayo huingia bila kuombwa. Masomo yalirushwa hewani kwa ajili ya wanafunzi, na sisemi kwamba watoto wote waliyafuata. Wengi walisikiliza wimbo wa kufungulia kipindi kisha wakakimbilia bao. Lakini salamu za wasikilizaji, ngoma za Kihaya na Kinyambo, na ushauri wa migomba na maharage viliwapa wazee watu wa kukaa nao. Bibi mmoja jirani yetu, ambaye wanawe walimkataza kwenda gulioni, aliniambia kwamba redio ndiyo iliyomfanya ajue leo ni Jumanne.

Simu ilikuwa na upande wake mwingine. Takwimu za taifa ziliishia kwenye wagonjwa 509 na vifo 21 mapema mwezi Mei, kisha zikanyamaza. Pengo lile lilijazwa na tetesi, sauti za kurekodiwa za watu wasiojulikana, picha za majeneza kutoka nchi za mbali, orodha za majani ya kujifukiza. Ilipofika saa mbili usiku, nyumba yenye simu tatu ilikuwa na hofu tatu. Naamini kabisa kwamba hadithi za jikoni zilitukinga na kitu. Hazikutukinga na virusi. Kwa virusi tulikuwa na sabuni, maji na umbali. Zilitukinga na ule usiku wa kila mtu kuogopa peke yake chini ya blanketi na mwanga usoni.

Mama hakushangaa sana. Kizazi chake kimeshayaona. Wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi kutangazwa Tanzania walipatikana mkoani Kagera mwaka 1983, na kwa muda watu waliuita ugonjwa ule Juliana, jina la kitambaa cha biashara ya magendo kutoka Uganda. Katika miaka iliyofuata nyumba nyingi za mkoa huu zilibaki na bibi na wajukuu, katikati hakuna mtu. Nani aliwafanya watoto wale wacheke? Mabibi walewale, kwa vitendawili vilevile, wakiwa wamefiwa. Mama alipowatega wajukuu wake mwaka 2020 alikuwa anafanya kazi anayoifahamu.

Wasomi hupenda kukumbuka kwamba Giovanni Boccaccio aliandika juu ya vijana kumi waliokimbia tauni ya Florence ya mwaka 1348, wakaenda kwenye nyumba za mashamba na kusimuliana hadithi mia moja kwa siku kumi. Mfano ni mzuri, ila vijana wale walikuwa na watumishi wa kuwapikia na kuwatandikia. Kwetu msimulizi ndiye mpishi. Ndiye aliyechota maji ya ile ndoo ya mlangoni, ndiye aliyeamka alfajiri, na saa mbili usiku nyumba nzima ilimgeukia awaburudishe. Hili lisipotajwa, sifa zote za jioni zile zinakuwa dhuluma. Aliyesema mwaka ule kwamba nyumbani hakuna la kufanya, mara nyingi alikuwa yule ambaye hakuna alichofanya.

Baba yangu mkubwa alilitambua hilo, naye alijibu kwa njia yake. Ukutani kwake kulikuwa na enanga iliyoning'inia tangu nikiwa msichana, imekatika uzi. Zamani nyuzi zilitengenezwa kwa mishipa ya ng'ombe. Yeye alinunua nailoni dukani, akakaa barazani mchana kutwa akiuvuta uzi, akiugonga kwa kidole, akiulegeza, akiuvuta tena, sikio limeinamia ubao. Kwenye ubao wa enanga uzi mmoja hupita huku na huku kwenye meno yaliyochongwa pembeni, kwa hiyo ukigusa mahali pamoja unaharibu pengine. Watoto walimzunguka kwa umbali, na safari hii umbali haukuwa wa kuogopa ugonjwa. Jioni yake alikuja uani kwa mama, akakataa kiti, akakaa kwenye kigoda, akaanza.

Tenzi za enanga za Bahaya na jirani zao ni kazi ndefu. Profesa Mugyabuso Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitumia miaka mingi kuwasikiliza na kuwarekodi mabingwa wake, na ni yeye aliyewathibitishia wengi duniani kwamba habari za kina Rukiza na Mugasha zina hadhi ya tendi kubwa. Zinahitaji usiku. Baba mkubwa aliimba kwa lugha ambayo wajukuu wa Mwanza waliishika nusu. Yule kijana wa kidato cha pili aliwanong'oneza Kiswahili chake kila ubeti ulipotua. Shujaa alikuwa amefika kwenye mto mkubwa, adui nyuma yake, mdogo wao alipolala kwenye paja langu. Mzee akaviweka vidole juu ya nyuzi zikanyamaza. "Nyingine kesho."

Kesho mvua ilinyesha. Siku zilizofuata kahawa ilikuwa imeiva, kisha ikaja habari ya Juni 29, nauli, sare, madaftari. Watoto walirudi Mwanza shujaa akiwa bado ukingoni mwa mto. Vibanda umiza vilifunguliwa, drafti ikarudi, na jioni za nyumbani zikarudi kuwa za mama na redio. Sikumsikia mtu yeyote akimwomba mzee amalizie. Enanga ilirudi ukutani.

Tungeweza kuyaacha hapo kama kumbukumbu za mwaka mgumu, lau kama magonjwa nayo yangetuacha. Hayakutuacha. Machi 21, 2023 Marburg ilitangazwa Bukoba Vijijini, mkoa wetu huuhuu; watu tisa waliugua, sita wakafa, na mlipuko ukatangazwa kwisha Juni 2. Januari 20, 2025 ikatangazwa tena, safari hii Biharamulo. Wagonjwa kumi waliohesabiwa, waliothibitishwa na wa kudhaniwa, wote walifariki kabla ya kutangazwa mwisho wake Machi 13. Mtu aliyegusana na mgonjwa wa Marburg huangaliwa siku 21. Siku 21 ni jioni 21. Timu za afya humpelekea kipimajoto na maelekezo, na ni haki yake kuvipata. Ila mtu anayehesabu siku akingoja kujua kama atakufa anahitaji pia bao, redio, na sauti ya mtu anayemfahamu. Kamati za maafa za vijiji na kata zinapoandika mahitaji ya karantini, ziandike na hayo. Gharama yake ni betri na punje 64 za maharage.

Ninawaomba pia waliozaliwa Karagwe na Kyerwa, walioko huko na walioko mbali. Mwenye baba mkubwa anayeijua enanga, mwenye bibi anayejua hadithi za Kinyambo, asingoje tangazo lingine la Waziri wa Afya. Aende akae naye, ampe muda wa kuvuta nyuzi, awashe simu arekodi mpaka shujaa avuke mto. Kisha ampe nakala mwalimu wa shule ya jirani, na nyingine aipeleke redio ya jamii iliyo karibu naye, irushwe jioni, saa ambazo watu wako jikoni.